Koti la Bwana Msafiri Laenda Likizo

Hapo kale, wala si kale sana, tuseme baada ya sukari kupanda bei na kabla haijapanda tena, palikuwa na nchi iitwayo Tupo. Msiitafute kwenye ramani, mtajisumbua bure. Na kama mnadhani mnaifahamu, hilo ni shauri lenu. Ilikuwa nchi yenye amani tele, na amani hiyo ililindwa kwa bunduki mchana na usiku ili mtu asiikimbie.

Katiba ya Tupo ilimpa kila mfanyakazi haki ya kwenda likizo, ikampa na akili ya kutoitumia. Neno lenyewe halikukatazwa. Nani alikataze? Ila watu walilitaja kwa sauti ya chini, kama wanavyotaja maradhi ya ukoo. Mtu akikohoa ofisini aliulizwa, "Vipi ndugu, ni kifua au unawaza likizo?" naye huapa upesi upesi kwamba ni kifua, tena kifua kibaya.

Kila ofisi ilitundika picha ya Mfanyakazi Hodari. Katika Idara ya Kuhakiki Mihuri, ambayo kazi yake ilikuwa kugonga muhuri juu ya mihuri ya idara nyingine kuthibitisha kwamba imegongwa, picha ilikuwa ya marehemu Fumbwe. Huyu alikata roho mezani kwake Jumatatu asubuhi, na akaendelea kuhudhuria kazini bila kukosa mpaka Ijumaa, harufu ilipomsaliti. Mkurugenzi wa Idara, Mheshimiwa Pazi Mwinyigogo, alilia kwa fahari siku ya maziko. "Hata kifo," alisema, "hakikumpa kisingizio." Wafanyakazi wakapiga makofi pale pale kaburini.

Chini ya picha hiyo ndipo ilipokuwa meza ya Msafiri Kidundo. Jina hilo baba yake alimpa kwa matumaini. Safari zake zilikuwa za kwenda ofisini na za kurudi kulala. Alikuwa mtu mpole, karani wa mikono laini, na sauti yake ilikuwa tamu, sauti ya kuimbia kaswida. Alivaa koti moja la kijivu tangu alipoajiriwa, mpaka koti likashika umbo lake, kiwiko kwa kiwiko, na harufu yake likaichukua yote.

Basi mchana mmoja mama yake, Bi Kibibi, alimpigia kutoka kijijini Kwamgwe kwa simu ya jirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Msafiri, macho yananiaga. La kushoto limeshazima. La kulia limebaki na kaupenyo tu, na daktari kasema likifunga halifunguki tena. Kuku wangu nimewaangalia, migomba yangu nimeiangalia, vyote nimevitazama vya kutosha. Kimebaki kimoja. Njoo niuone uso wako mara moja, halafu giza liingie litakavyo."

"Nitakuja, mama."

"Hivyo hivyo ulisema baba yako alipokuwa kitandani."

Simu ikakatika, au mama aliikata, Msafiri hakujua. Alikaa akiutazama muhuri wake. Baba yake alizikwa yeye akiwa pale pale mezani, akihakiki. Safari hii aliapa moyoni kwamba atakwenda, liwalo na liwe.

Hapa lazima habari ya makoti ielezwe, maana bila makoti Tupo haieleweki.

Aliyewahi kufanya kazi ofisini anaujua ule mtindo. Unalitundika koti mgongoni mwa kiti, miwani unaiacha mezani, unateremka ngazi polepole na kwenda zako: sokoni, shambani, kwa fundi, hata kwa mke wa pili. Anayekuulizia anajibiwa, "Yupo, koti lake hilo. Katoka kidogo tu." Kwingine mtindo huu ni ujanja. Tupo waliuona ni hekima, na Bunge likaupitisha kuwa sheria: koti likiwa kitini, mwenyewe yupo. Wanawake wakaruhusiwa kuacha mtandio.

Loo, furaha ya siku zile! Watu walidhani wameipiga serikali chenga. Koti moja la Idara ya Misitu lilipandishwa cheo mara mbili. Na kila jioni taarifa ya habari ilionyesha kiti kikubwa cha Ikulu na koti jeusi mgongoni mwake, mtangazaji akisema kwamba Mheshimiwa Rais leo ameshinda akichapa kazi. Koti hilo limeonyeshwa miaka nenda miaka rudi, mabega yameanza kupauka. Hakuna anayeuliza, kwa sababu mtu mmoja aliwahi kuuliza.

Kisha Bi Sikudhani, aliyekaa meza ya jirani na Msafiri, akaenda kujifungua. Aliacha mtandio wake wa kijani kitini kama sheria ilivyosema. Aliporudi na mtoto mgongoni, Afande Chizenga, mlinzi wa lango, alimzuia kwa mkono.

"Nani mwenzangu?"

"Ala! Chizenga, mimi Sikudhani. Si juzi tu nilikupa ugoro hapa?"

"Bi Sikudhani yupo," alisema Chizenga bila ubaya. "Yupo ndani tangu asubuhi, mtandio wake nauona kutoka hapa. Na kama yule ni yeye, wewe ni nani?"

Swali gumu hilo. Bi Sikudhani alilia, alionyesha kitambulisho, akaitisha mashahidi. Wenzake walichungulia dirishani, wakautazama mtandio, wakamtazama yeye, kisha wakarudi kukaa. Msafiri naye alirudi kukaa. Tangu siku hiyo mama huyo anauza karanga nje ya lango, na wafanyakazi wakinunua hawamtazami usoni. Mtandio wake bado uko kazini, na haujawahi kuchelewa.

Kwa hiyo msimwone Msafiri mwoga aliposita. Akiliacha koti akaenda, akirudi atakuwa si mtu. Akiondoka na koti, huo ni utoro, na watoro huchukuliwa na Askari wa Uwepo kupelekwa mahali panapoitwa Kambi ya Kukumbushwa, ambako hakuna anayekumbuka aliyerudi. Ikabaki njia moja, ya kuomba ruhusa.

"Usiombe," alinong'ona Kirobo, karani mwenzake, midomo yake haitikisiki.

"Watanikatalia?"

"Watakupa."

Mheshimiwa Pazi Mwinyigogo alimpokea kwa bashasha iliyomtoa Msafiri jasho. Akamkalisha, akamwagizia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akafuta jicho kwa leso.

"Mama!" alisema. "Ndugu Kidundo, mama ni mama. Hata mimi ninaye. Sijui yuko wapi kwa sasa, lakini ninaye. Watu wanatusingizia kwamba idara hii haina huruma. Lini tumemnyima mtu likizo? Nitajie mmoja! Nimekubali. Likizo umepata, nenda kesho asubuhi, tena kwa gari la idara."

Msafiri alitaka kuanguka miguuni pake. Machozi yalimlenga, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile alimwona mama yake waziwazi, amesimama mlangoni, kitambaa begani.

"Ila pana jambo dogo," Mkurugenzi aliendelea, akikoroga chai. "Kesho ni Sikukuu ya Uwepo. Waziri ndiye mgeni rasmi. Unakumbuka mwaka jana?"

Nani angeusahau? Mwaka jana nusu ya ukumbi ilikuwa makoti. Waziri wa Uwepo, Mheshimiwa Makame Tutubi, alipanda jukwaani akanguruma, "Tupo?" na ukumbi ukanyamaza kimya, isipokuwa koti moja la mbele lililoteleza kitini. Wakurugenzi watatu walipotea wiki ile.

"Makoti yana sifa nyingi," alisema Mkurugenzi kwa huzuni. "Hayali, hayajifungui, hayana mama. Lakini hayapigi makofi. Kesho nahitaji viganja, ndugu yangu, nahitaji makoo. Na kwa kuwa sheria inasema koti na mwenye koti ni mtu mmoja, basi sioni tatizo. Litakwenda likizo koti, na wewe utabaki."

Msafiri alidhani ni mzaha. Alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake.

"Mheshimiwa, lakini mama anataka kuuona uso wangu."

"Si umesema hivi punde kwamba haoni?"

"Anaona kidogo. Bado kidogo, mheshimiwa! Ndiyo maana nina haraka."

"Basi kidogo hicho hakitambagua koti na mtu," alisema Mkurugenzi, akaigonga ruhusa muhuri. "Kunywa chai, inapoa."

Kulipopambazuka Askari wa Uwepo wawili walilivua koti mgongoni mwa Msafiri, kifungo kimoja kimoja, kwa adabu kubwa. Walilikalisha kiti cha mbele cha gari, wakalifunga mkanda. Mheshimiwa Mwinyigogo akainama dirishani, akaushika mkono wa koti na kuutikisa.

"Safari njema, Bwana Msafiri. Umestahili. Mama msalimie sana."

Afande Chizenga alipiga saluti, akafungua lango. Dereva, mzee mmoja aitwaye Hiza, aliyemaliza maisha yake kuwaendesha watu asiowauliza kitu, aliondoa gari taratibu. Msafiri alibaki uani na shati lake, baridi ikimpenya. Bi Sikudhani alimtazama kutoka kwenye karanga zake, akatikisa kichwa.

Sikukuu ilifana. Waandishi waliandika kwamba ilifana hata kabla haijaanza. Wafanyakazi wa idara zote walipangwa kiwanjani juani, Askari wa Uwepo wakipita katikati ya safu wakitazama mikono. Waziri Tutubi alipanda jukwaani chini ya picha kubwa ya koti jeusi.

"Tupo?"

"Tupooo!"

"Sijasikia! Tupo?"

"Tupoooo!"

"Nchi nyingine zina dhahabu," alinguruma Waziri. "Nchi nyingine zina barabara, zina madawa hospitalini. Zina maendeleo, ndiyo, lakini mkienda kwao mchana mnaambiwa wako mapumzikoni! Sisi je? Sisi tupo! Hatuna cha kufanya, lakini tupo! Atakayewaambia kwamba mtu anahitaji kupumzika, muulizeni: moyo wako unakwenda likizo lini?"

Makofi. Na makofi yakataka makofi mengine. Askari mmoja alisimama nyuma ya Msafiri na kumsemesha sikioni, "Sikusikii, bwana." Msafiri akapiga makofi mpaka viganja vikavimba, vikapasuka, ngozi ikatoka. Akaita "Tupo" mpaka jua likazunguka upande wa pili, mpaka ile sauti yake ya kaswida ikakatika kooni na badala yake ukatoka mkwaruzo. Na wakati wote huo alikuwa akiwaza jambo moja tu: sasa hivi gari linaingia Kwamgwe, sasa hivi mama anatoka mlangoni na kaupenyo kake ka mwisho, anatazama.

Mzee Hiza alirudi kesho yake, mchana. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Msafiri, aliyekuwa akimngoja nje ya lango, alimkimbilia.

"Ilikuwaje, mzee? Alikuwa bado anaona?" Sauti haikutoka vizuri, ilibidi arudie.

Hiza alikiangusha kichwa kwenye usukani. Inasemekana hiyo ndiyo siku pekee aliyowahi kujibu zaidi ya neno moja.

"Hapana, baba. Jicho lilifunga alfajiri ile, kabla hatujafika. Alikuwa anakungoja barazani. Balozi wa serikali pale kijijini akasimama mbele ya kijiji kizima akatangaza: 'Bi Kibibi, mwanao Msafiri amefika.' Watu wakaambiwa wapige vigelegele, wakapiga. Mama akanyoosha mikono, nami nikalitia koti mikononi mwake. Ningefanya nini? Balozi alikuwa ananitazama. Akalikumbatia. Akalipapasa mabega, akalipapasa mgongo. Halafu akasema, 'Mwanangu, mbona umekonda hivi?'"

Msafiri alifungua mlango wa mbele, akakitazama kile kiti kitupu.

"Nikamwambia, kazi nyingi, mama," alimalizia Hiza. "Akanusa kola akalia. Akasema, 'Ni yeye kweli, harufu ya mtoto haimpotei mama.' Wakati wa kurudi nilimwomba koti, akakataa kata kata. Kasema wewe hutoki pale mpaka unenepe."

Asubuhi iliyofuata Msafiri alikwenda kazini na shati lake. Hakuwa na pa kwenda kwingine; miguu yenyewe iliijua njia. Afande Chizenga alimzuia kwa mkono.

"Nani mwenzangu?"

"Chizenga, tafadhali."

"Kama unamtafuta Bwana Msafiri Kidundo, hayupo. Yupo likizo, kwao Kwamgwe. Nilimpigia saluti mwenyewe akiondoka." Chizenga akamkagua shati, akayakagua mabega, akasogea karibu. "Na ukijiita mtu aliye likizo, bwana, hilo ni kosa. Ondoka kabla hawajakuona."

Juu kule, kwenye dirisha la Idara ya Kuhakiki Mihuri, Kirobo alichungulia. Akamtazama Msafiri, kisha akarudi kukaa. Bi Sikudhani alisogeza ungo wake wa karanga.

"Karibu, kaka," alisema. "Nafasi ipo."

Lakini ndipo lilipomjia Msafiri wazo lililomfanya acheke, mkwaruzo mtupu, hata wapita njia wakavuka barabara. Kumbe yuko likizo! Kwa sheria, kwa muhuri, kwa saluti, yuko likizo Kwamgwe. Basi kinachomzuia asiende ni nini? Mama haoni, sawa, lakini mikono anayo. Atampapasa uso. Atamjua kwa mikono kama alivyomjua alipomzaa gizani. Akapanda nyuma ya lori la mkaa, na pale lilipoishia akatembea.

Alifika Kwamgwe alasiri, mweusi kwa vumbi la mkaa, ananuka moshi na jasho la njiani. Watu waliokuwa kisimani walimwangalia, wakaweka ndoo chini. Bibi mmoja alifungua mdomo kama anayetaka kusema jina lake. Mwanawe akamvuta mkono, na macho yao yakaenda kwenye nyumba ya balozi.

Barazani kwa mama kulikuwa na kiti cha mwegamo. Juu yake, limefungwa vifungo vyote, lilikaa lile koti la kijivu. Mbele yake palikuwa na bakuli la uji, na kawa juu yake, usiingie nzi. Bi Kibibi aliketi kando kwenye mkeka, mkono mmoja umeushika mkono wa koti, midomo ikiimba polepole kaswida aliyomfundisha mtoto wake zamani. Uso wake ulikuwa mkunjufu. Msafiri hakuwahi kumwona hivyo tangu baba alipofariki.

"Hodi, mama. Shikamoo."

Wimbo ukakoma. "Marahaba. Nani mwenzangu?"

Swali lilimchoma. "Mama, ni mimi. Msafiri."

"Msafiri?" Bi Kibibi aligeuza macho meupe upande wa sauti ile ya mkwaruzo. "Msafiri yupo. Huyu hapa kalala. Wewe ni nani, mwenye sauti ya kukwaruza hivyo?"

"Nishike, mama. Nishike tu mkono, utanijua."

Akapiga magoti, akampa kiganja. Mama alikipapasa, akapita kidole juu ya malengelenge na ngozi iliyochanika, akainusa hewa, akakirudisha taratibu kama mtu anayerudisha mzigo usio wake.

"Pole, baba, umefanya kazi ngumu. Hii mikono ya mvunja mawe. Mwanangu mimi ni karani."

Msafiri alilitazama koti. Aliona la kufanya. Angelivaa tu. Angelivaa, angeinama, na mama angemkumbatia yeye. Harufu ingekuwepo, na mwili ndani yake. Na kesho angerudi nalo langoni, awe mtu tena. Akanyoosha mkono, akagusa kifungo cha juu.

"Usimguse!" Bi Kibibi alilikumbatia koti kwa mikono yote miwili, akalivutia kifuani. "Nani kawatuma? Mmekuja kumrudisha? Nilijua! Nilijua mtakuja! Mtoto hajamaliza hata siku tatu! Baba yake alikufa anamwita, hamkumtoa. Leo mmemtoa, mnakuja kumfuata hadi kwa mama yake?"

"Mama—"

"Niachieni mwanangu apumzike!"

Majirani wakachungulia. Kwenye nyumba ya balozi mlango ulifunguka, mtu akatoka, akasimama kutazama. Msafiri aliurudisha mkono wake. Alimtazama mama akilibembeleza koti lile, akilipapasa mgongo na kulituliza, na uso wake ukianza tena kukunjuka kidogo kidogo.

"Hapana, mama," alisema kwa sauti iliyobaki. "Hatujaja kumchukua."

"Kweli?"

"Kweli."

Bi Kibibi akashusha pumzi. Akajipangusa macho, akakumbuka adabu za mwenyeji.

"Basi nisamehe, mgeni. Kaa. Kama una shida naye, msubiri hapo kizingitini, ila usipige kelele. Hii likizo kaipata kwa shida sana."

Kule ng'ambo balozi alianza kuja, polepole, akifunga vifungo vya koti lake. Msafiri akakaa kizingitini, akamsubiri Msafiri aamke.